Kitana cha Chuma

Barua ilifika imekunjwa mara nne
ndani ya kisanduku cha mkate wa Irupé.
Haikutaja mtoto yeyote.
"Wazazi wapendwa, darasa la tatu lina chawa."
Basi. Sahihi ya mwalimu, muhuri wa shule,
na doa la siagi.

Jina tulilitia sisi wenyewe,
pale langoni, Salto, saa sita ya jua kali,
tukisubiri watoto watoke na majoho yao meupe,
tepe za buluu zimelegea shingoni.
Tulikuwa tukipokezana kibuyu cha majani machungu,
mrija mmoja, vinywa sita,
wala hakuna aliyeona kinyaa.
"Ni Nazareno. Nani mwingine?
Si wanakaa kule bondeni,
mto unakoingia nyumbani bila hodi?"
Mimi sikusema neno. Nilitikisa kichwa tu.
Lakini kichwa kikitikiswa mbele ya watu
nacho ni ulimi.

Usiku nilimkalisha binti yangu chini ya taa ya jikoni,
taulo mabegani, siki bakulini.
Mama yake yuko zamu, anapanga machungwa kwenye makasha
mpaka alfajiri,
kwa hiyo nywele zile, ndefu kama kesi ya shamba,
zikaniangukia mimi, fundi breki.
Nikagawa fungu kwa fungu. Nikavuta.
"Baba, unaning'oa!"
"Sikung'oi. Tulia."
Na juu ya kitambaa cheupe akatokea:
chawa halisi, si wale wa kusifia mabosi,
mdogo kama punje ya ufuta,
miguu sita, haraka hana,
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Nyuma ya sikio, mayai,
yameshikizwa kwenye unywele kwa gundi
ambayo gereji yetu ingeinunua kwa bei yoyote.
Kidole kimoja hakivunji chawa:
nikaweka kucha juu ya kucha.
Tak.
Irupé akacheka, kisha akalia, kisha akaomba biskuti.

"Darasani unakaa na nani?"
"Na Nazareno. Kitabu cha hesabu ni kimoja, sisi wawili.
Lazima vichwa vigusane, baba,
la sivyo mmoja haoni kugawanya."

Nikanyamaza.
Utosi wangu ukaanza kuwasha.

Jumamosi tulishuka bondeni, mimi na yeye,
mfukoni chupa ya dawa, kitana kipya cha plastiki,
na huruma yangu niliyoipiga pasi.
Bi Elvecia alikuwa anaanika mashuka.
Ukutani, usawa wa kifua, mstari wa tope:
mto ulipimwa hapo mwaka jana.
Nazareno anapiga danadana,
njia ya nywele zake imenyooka kama ya rula.

"Asante, kitana ninacho," alisema.
"Nimemchana Jumatatu, Jumatano, na jana.
Hana hata yai.
Wewe je?"
"Mimi?"
"Tangu usimame hapo umejikuna mara saba."

Akavuta kasha la machungwa, akaligeuza.
"Kaa."

Nikakaa. Kile kichwa kilichotikiswa langoni
nikakiinamisha mbele ya aproni yenye unyevu wa sabuni.
Kitana chake kilikuwa cha chuma, cha bibi yake,
meno yamebanana kuliko nyumba za bonde lile.
Kilipopita nilisikia kila kosa likikwaruzwa.
"Taratibu," nikasema, "unaning'oa."
"Sikung'oi. Tulia."

Watoto wakaja kuangalia,
wakainama juu ya kitambaa, wakawa wanahesabu,
paji kwa paji, nywele zimechanganyika.
Nilitaka kufoka: tenganisheni vichwa!
Bi Elvecia akanibonyeza shingo.

"Nne," akasema Irupé.
"Tano. Yule pale anakimbia," akasema Nazareno.